Mlingoti wa Antena na Umri Uliokwenda

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu katika imani, tafakari ya wiki hii imeanzia barazani kwangu, baada ya sala ya Isha, pale mjukuu wangu wa miaka 11 aliponisikia nikimtaja Samuel Eto'o, akaniuliza kwa adabu zake zote: "Babu, kwani yule rais wa chama cha mpira cha Kameruni naye alikuwa akicheza?" Nilinyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Kwangu mimi Eto'o ni kijana. Alipochukua medali ya dhahabu ya Olimpiki na wenzake kule Sydney mwaka 2000 alikuwa na miaka 19 tu, na mimi wakati huo nimeshaoa na nina watoto. Kwa mjukuu wangu ni mtu mzima mwenye suti, anayetajwa kwenye habari za vikao na mivutano ya uongozi. Baina ya yule kijana na huyu mtu mzima imepita robo karne ya umri wangu, na sikuisikia ilivyopita.

Nikamwambia, kabla ya Eto'o alikuwepo Roger Milla. Akaniuliza Milla ni nani. Usiku huo sikupata usingizi mapema, na nilichokuwa nikikifikiria ndicho ninachotaka kushirikiana nanyi.

Mimi nimezaliwa mwaka 1973, miaka ile ambayo Zanzibar ilianza kuonyesha televisheni ya rangi, miaka ishirini hivi kabla ya wenzetu wa Tanzania Bara kupata kituo chao. Hata hivyo, kuwa na kituo ni jambo moja, na kuwa na televisheni nyumbani ni jambo jengine. Mtaani kwetu Kikwajuni tulikuwa tukikusanyika kwa mzee mmoja tuliyemwita Ami, na televisheni yake ilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli ndogo ya shaba. Ufunguo aliufunga kwenye ncha ya kikoi chake. Wakubwa walikaa vitini, sisi vijana kwenye mkeka, watoto mbele kabisa, na wanawake upande wa mlango wa uwani.

Tarehe 8 Juni 1990, siku ya Ijumaa, Kameruni ilifungua Kombe la Dunia na Argentina, bingwa mtetezi, timu ya Maradona, katika uwanja wa San Siro mjini Milan. Kwa saa zetu mpira ulianza saa moja usiku. Tulikuwa tumeshasali Magharibi, tumekaa, kila mtu na hofu yake, kwa sababu hakuna aliyetegemea kuwa Kameruni itatoka salama. Mechi ilikuwa imeshachemka pale Isha ilipoadhiniwa. Ami hakusubiri muadhini amalize. Alinyanyuka, akafunga milango ya kabati, akatia kufuli, akasema, "Haya vijana, tumeitwa." Hakuna aliyenung'unika kwa sauti, ingawa ndani ya nyoyo Mwenyezi Mungu anajua yaliyokuwemo. Tukatoka sote kwa mguu mpaka msikitini, tukasali jamaa, na nakiri kwamba katika rakaa zile nne mimi nilikuwa Milan.

Tuliporudi kipindi cha pili kimeanza, lakini picha ilikuwa chenga tupu. Ilikuwa msimu wa kusi, na upepo ulikuwa umekata kamba iliyozuia mlingoti wa antena. Ndugu mdogo wa Ami, aliyekuwa mchukuzi bandarini, mtu wa maneno machache, akapanda juu ya ukuta wa uwani, akaukumbatia mlingoti kwa mikono miwili, akawa anauzungusha kidogo kidogo huku sisi tukimpigia kelele kutoka ndani: "Bado! Bado! Rudi! Hapo hapo, usitikisike!" Picha ikatulia. Akabaki vile vile, amesimama gizani kwenye upepo, amekumbatia boriti kama mtu aliyeshika mlingoti wa jahazi.

Kameruni wakatolewa mchezaji mmoja kwa kadi nyekundu, wakabaki kumi. Dakika ya 67 François Omam-Biyik akaruka juu kuliko mabeki wote, akapiga kichwa, na mpira ukamponyoka mlinda mlango Pumpido mikononi ukaingia wavuni. Nyumba ilitikisika. Katikati ya makelele yale tulisikia sauti kutoka juu ya ukuta: "Nani kafunga? Enhe, nani kafunga?" Tukamjibu, naye akatoa takbiri huko huko juu, na mlingoti hakuuachia. Mwisho wa mechi Kameruni walikuwa wamebaki tisa uwanjani na bao lao moja likasimama. Alipoteremka, Ami alikuwa ameshafunga kabati.

Hayo yametimia miaka zaidi ya 35.

Katika mashindano yale Milla alikuwa na miaka 38. Aliingizwa mwishoni mwa michezo, akafunga mabao mawili kwa Romania na mawili kwa Kolombia, akenda kucheza ngoma kwenye kibendera cha kona, na sisi tukimwita mzee kwa kumstaajabia. Mwaka 1994, akiwa na miaka 42, alifunga tena, siku ambayo Urusi iliwafunga Kameruni mabao 6 kwa 1. Nilimwona kizee mwenye miguu ya ajabu. Leo hii Milla yule wa Italia ningemwita mdogo wangu, maana nimemzidi kwa miaka zaidi ya kumi, na ngazi za ghorofa za Michenzani nazipanda kwa vituo.

Mwenyezi Mungu anasema katika Suratur-Rum, aya ya 54, maana yake kwamba Yeye ndiye aliyetuumba kutokana na udhaifu, kisha baada ya udhaifu akajaalia nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi. Aya hii nimeihifadhi tangu chuoni, nikiisoma kwa tajwidi na huku nakimbilia kwenda kucheza mpira wa makaratasi. Niliielewa mwaka 1996, siku Muhammad Ali alipotokea Atlanta kuwasha mwenge wa Olimpiki. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi yake ya kila mara ya Kinshasa mwaka 1974, jinsi Ali alivyoegemea kamba na kuvumilia ngumi za George Foreman mpaka akamwangusha katika raundi ya nane. Katika hadithi ya baba, Ali alikuwa jabali. Yule tuliyemwona Atlanta mkono wake wa kushoto ulikuwa ukitetemeka kwa maradhi ya Parkinson, na uso umetulia kama uso wa mtu anayesikiliza. Baba hakusema kitu. Alivua kofia, akaipapasa, akaivaa tena. Ali alikuwa na miaka 54 siku ile. Mimi nami naukaribia umri huo.

Wapo watakaouliza, na ni haki yao kuuliza: je, haya ni mambo ya kuzungumzwa katika tafakari? Mwenyezi Mungu hakutuambia katika Suratul-Hadid, aya ya 20, kwamba maisha ya dunia ni mchezo, na pumbao, na pambo, na kujifakharisha, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto? Ametuambia, na wapo wafasiri waliouona katika mpangilio huo mwendo wa umri wa mtu, kwamba mchezo ni wa utoto, pumbao ni la ujana, na mali na watoto ndiyo mashughuliko ya ukubwa. Kwa hivyo mwenye kukumbuka mchezo wake anakumbuka ngazi aliyopita, na si vibaya mtu kugeuka na kuitazama ngazi, maadamu hakai juu yake akakataa kwenda.

Mimi hunituliza sana hadithi ya Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Amesimulia kwamba alikuwa safarini pamoja na Mtume, sala na salamu zimshukie, wakashindana mbio kwa miguu, naye Bibi Aisha akamshinda. Ikapita miaka. Bibi Aisha akaingia mwili, na katika mapokezi ya Imam Ahmad mwenyewe anasema kwamba alikuwa ameshasahau. Wakawa tena safarini, wakashindana, na mara hii Mtume ndiye aliyeshinda, akacheka akasema: "Hii ni kwa ile." Tazameni jambo hilo. Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye mzigo wa umma wote mabegani, alikuwa ameziweka moyoni mbio za miaka iliyopita, na mwenziwe alizisahau. Aliziweka kwa ajili ya mapenzi. Anayesema kwamba kumbukumbu za michezo ni upuuzi mtupu, basi hadithi hii aipe nafasi katika kifua chake kabla ya kuhukumu.

Na iko hadithi nyengine katika Sahihi Bukhari, kutoka kwa Anas, ambayo kila mshabiki wa timu yoyote angefaa kuijua. Mtume alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa, ambaye hakuwahi kupitwa katika mbio. Akaja bedui mmoja juu ya ngamia wake kijana, akampita. Waislamu wakaona uzito mkubwa, mpaka ikadhihiri nyusoni mwao. Mtume akawaambia kwamba ni haki juu ya Mwenyezi Mungu, hakinyanyuki kitu katika dunia ila hukishusha. Masahaba walihuzunika kwa sababu ngamia wao ameshindwa! Huzuni ile naijua. Niliipata Disemba 2017, pale timu yetu ya Zanzibar ilipofika fainali ya CECAFA, kombe la nchi za Afrika Mashariki na Kati, kule Machakos, ikatoka sare ya 2 kwa 2 na Kenya, kisha ikafungwa kwa penalti. Vijana walikaa barazani wakiwa wameinamisha vichwa, na mmoja akaniuliza kama sisi Wazanzibari tumewahi hata siku moja kulichukua kombe lile. Nikamwambia tumelichukua, mwaka 1995, kule Uganda, na mimi niliusikiliza ushindi ule kwenye redio iliyokuwa haisikiki mpaka uiegemeze ukutani. Akanitazama kama ninayemsimulia habari za Sultani. Alikuwa na miaka 22, kwa hivyo mwaka ule ndio aliozaliwa.

Mwenyezi Mungu amesema katika Aal Imran, aya ya 140, aya iliyoteremka baada ya machungu ya vita vya Uhud, kwamba siku hizo anazizungusha baina ya watu. Na majengo pia yana siku zake. Sinema ya Majestic ya Vuga, ambako kaka zetu walipanga foleni kwa ajili ya filamu za Kihindi, imekuwa gofu. Empire ya Darajani imegeuka duka. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970 na ambao ngazi zake za saruji tulizikalia kwa jua na mvua, ulifanyiwa matengenezo makubwa ukafunguliwa tena Disemba 2023, una viti na taa za kupendeza, na nilipoingia mara ya kwanza nilipotea njia ya kutokea. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarabu, ambaye tulidhani kwamba hafi, alifariki Aprili 2013. Sauti ya msomaji wa Qur'ani Sheikh Abdul Basit Abdul Samad, iliyokuwa ikisikika kwenye kaseti kila alfajiri ya Ramadhani mtaani kwetu, bado ipo, na mwenyewe amefariki tangu mwaka 1988. Kila inapochezwa, nataraji kwa Mola wake kwamba malipo yanamfikia.

Basi ni kitu gani hasa kilichoniondolea usingizi usiku ule? Si mvi. Mvi nimezikubali, na najua kwamba baadhi ya wafasiri wamesema ndizo "mwonyaji" aliyetajwa katika Suratu Faatir, aya ya 37, pale watu wa motoni watakapoambiwa kwamba walipewa umri wa kutosha kukumbuka mwenye kukumbuka, na mwonyaji akawajia. Kilichonisumbua ni kwamba nilipotaka kumsimulia mjukuu wangu mechi ile, niliweza kumtajia wafungaji, dakika, na kadi nyekundu zote mbili. Lakini nilipohesabu waliokuwa kwenye mkeka, majina yakakatika. Tulikuwa watu thalathini au zaidi. Nimewakumbuka kumi na wanne, na kati yao tisa wameshatangulia mbele ya haki. Miaka yote hii, kila Kombe la Dunia linapokuja, namtaja Omam-Biyik kwa furaha. Ndugu yake Ami, aliyeniwezesha kumwona, sikumbuki siku niliyomtaja katika dua.

Nikamkumbuka Mtume na Bibi Khadija. Imepokewa katika Bukhari kwamba miaka mingi baada ya kufariki kwa mkewe huyo, Mtume alikuwa akichinja mbuzi, akimkata vipande, na kuwapelekea marafiki wa Khadija. Na siku Hala, dada yake Khadija, alipobisha hodi, Mtume aliitambua namna ya Khadija ya kuomba ruhusa, na moyo wake ukashtuka. Kumbukumbu yake ilikuwa na miguu, ndugu zangu. Ilitoka nyumbani ikaenda kwa watu ikiwa na nyama mkononi. Yangu mimi imekaa barazani miaka 35, inasimulia.

Siku ya pili yake, baada ya Adhuhuri, nilinunua sukari, mchele na mafuta, nikamchukua mjukuu wangu tukaenda Fuoni, anakoishi binti pekee wa yule mchukuzi. Baba yake alifariki miaka mingi nyuma, na siku hiyo mimi nilikuwa safarini. Nilipobisha hodi hakunitambua. Nikamwambia mimi ni mtoto wa fulani wa Kikwajuni, akashika mdomo, akatukaribisha, akatandika mkeka, akaleta chai ya maziwa na vitumbua vilivyokuwa bado vya moto. Yeye mwenyewe sasa ana wajukuu.

Nilimweleza kilichonileta. Nilimweleza habari ya upepo, na kamba, na ukuta wa uwani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba hadithi hiyo anaijua kwa upande wa pili. Baba yake alikuwa akiwasimulia namna alivyoshika mlingoti usiku mzima, mikono ikafa ganzi, na kwamba kwa muda mrefu kila alipokutana na mtu wa mtaa aliyekuwepo alimwomba amwelezee bao lile lilivyokuwa, na kila mtu alimwelezea kwa namna yake. Wa mwanzo akasema lilikuwa shuti. Mwengine akasema mpira ulipita baina ya miguu ya mlinda mlango. "Hakuwahi kuliona," akasema, "mpaka anaondoka duniani."

Mjukuu wangu alikuwa kimya muda wote, anakula kitumbua kwa adabu. Akafuta mkono, akatoa simu, akaitafuta mechi, na haikumchukua hata dakika moja. Akasogea kwenye mkeka, akamwelekezea bibi yule kioo. Akamwonyesha kwa kidole: "Huyu, Bibi. Mtazame huyu anavyoruka." Picha ilikuwa safi, haina chenga hata moja.

Alitazama mara ya kwanza hakusema kitu. Akaomba arudishiwe. Mara ya pili mpira ulipomponyoka Pumpido, alivuta pumzi, akasema, "Kumbe ndilo hili. Kichwa." Kisha akaweka ushungi wake vizuri, akamwambia kijana azime simu, akamwuliza kama amehifadhi Yasin. Kijana akasema amehifadhi. Akamwambia, "Basi msomee babu yako wa mlingoti."

Akaanza kusoma. Mimi na yule mama tukanyanyua mikono.